Nyenje Ndani ya Chetezo

Jumatatu, 14 Aprili
Wajukuu wamefika. Alhamdulillahi! Mama yao kasema waamue wenyewe ifikapo Jumapili: likizo waimalizie hapa Mji wa Kale kwetu, au Nyali kwa Ziad, babu yao wa kuumeni. Ziad ana bustani na bwawa la kuogelea. Mimi nina ua wa mawe na Ummulkheir.
Magharibi nyenje akaanza kulia chooni. Mjukuu wangu wa kike, aitwaye Jana, akapiga ukelele, akataka apelekwe Nyali saa ile ile. Hussam, kakake, akasema na yeye. Moyo uliniuma, sitaficha. Nyumba hii bila watoto haikaliki.

Jumanne, 15 Aprili
Nimepata dawa! Nitawajulisha na nyenje, woga utawatoka wenyewe. Ummulkheir akaniuliza kama nimewahi kumshika hata mmoja. Mke wangu hajui kumtia mtu moyo.
Nimekwenda Marikiti kununua tango, maana nimesikia nyenje hawana ujanja mbele ya tango. Jioni nikaweka kipande chini ya chungu cha asmini. Nikainua. Lo! Wamejaa.

Jumatano, 16 Aprili
Darasa la kwanza. Nimewaambia kwamba masikio ya nyenje yako miguuni, chini kidogo ya magoti ya mbele. Hussam akayatazama magoti yake mwenyewe. Nikawaambia haimbi kwa mdomo, husugua mbawa. Kisha nikachagua wale wenye sindano ndefu nyuma, nikatangaza kwamba hao ndio waimbaji wakuu. Tukangoja. Kimya. Tukangoja tena. Hussam akachungulia simu ya bibi yake, akasema wenye sindano ni majike, hutagia mayai mchangani, wala hawaimbi. Nikasema nilikuwa nawajaribu.
Jana alikuwa juu ya kiti muda wote. Mwisho akashuka kuja kuona. Ushindi!

Alhamisi, 17 Aprili
Nyenje hawana makao. Chupa haina hewa. Nimewatia, madume na majike, ndani ya chetezo cha shaba cha Ummulkheir, chenye kifuniko cha matundu. Hicho ni cha wageni, siku zote yeye hufukiza udi kwa kile cha udongo. Nani atakigusa?

Ijumaa, 18 Aprili
Wageni! Bi Rukhsana wa Ndia Kuu na dada zake, bila taarifa. Wamekunywa kahawa, wamekula halua, wameaga. Na kwetu mgeni haondoki bila kufukizwa udi. Nilikuwa nyuma ya pazia nikifanya ishara ya mikono. Ummulkheir akadhani nafukuza mbu. Akakileta chetezo, kaa la moto kwenye koleo, akafunua kifuniko mbele yao.
Yarabi! Mmoja aliingia ndani ya buibui la Bi Rukhsana. Mama wa watu, na magoti yake yale mabovu, alipanda kochi bila kusaidiwa.
Jana ndiye aliyeingia katikati. Akawadaka kwa kikombe cha kahawa, akiwaambia wageni watulie, hawa hawaumi. Nilitokwa na machozi ya furaha nyuma ya pazia. Ummulkheir hasemi nami.

Jumapili, 20 Aprili
Nilivaa kanzu mpya, nikakaa kusubiri uamuzi. Nilikuwa na yakini.
Wamekwenda Nyali. Jana alinieleza kwa upole, mkono wake begani mwangu: hapa nyenje wamekwisha, na babu Ziad ana bustani nzima, huko watakuwa wa kila namna! Akanibusu mkono, wakaondoka wakikimbia.
Ziad amenipigia simu kunishukuru. Anasema watoto wameipenda bustani yake ghafla, wala hajui sababu. Sikumwambia.
Nyumba kimya. Ummulkheir amenionea huruma, amesema nami kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Akasema angalau sasa nimejifunza.
Nimejifunza, nikamjibu. Kosa langu nilichagua mdudu ambaye Ziad anaye. Gofu lililo nyuma yetu limejaa popo, na Ziad hana hata mmoja. Kesho alfajiri nakwenda kununua mapapai.