Mabawa Katikati ya Muguka

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wanjira, ukisoma haya nitakuwa nimeshazikwa. Kwa miaka hamsini na sita ya ndoa nimekuficha jambo moja: mimi si mwalimu wa jiografia. Yaani, nilifundisha. Lakini moyoni ni rubani wa sarakasi za angani. Jioni unaponiona natazama mawingu juu ya Karurumo, sitafuti mvua. Napita katikati yake, kichwa chini.

Daktari wa Nkubu anasema moyo umechoka. Umechoka kusubiri! Jumamosi kuna maonyesho ya ndege Embu, na wanatafuta marubani wa kufunzwa. Lenah mwenye saiba, kile kibanda cha intaneti, amenijazia fomu. Akauliza umri. Nina 82. Nikamwambia aandike 28. Tarakimu ni zilezile.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesoma kwamba marubani hao hutembea mchezo wao mzima ardhini kwanza, mikono ikiwa mabawa. Nimeanza. Mizunguko miwili na mpinduko mmoja kati ya mistari ya muguka, majani yetu ya kutafuna. Bakora inasumbua bawa la kushoto. Jirani yangu Njue alikuwa ameegemea ua. Akauliza napima nini. Nikamjibu: hewa. Akaondoka mbio. Wivu!

Jumatano, 6 Agosti

Njue ameleta naibu wa chifu! Anadai nimekuwa nikipima shamba lake kwa mikono, nisogeze mpaka. Kamba ikavutwa kutoka jiwe moja la mpaka hadi jingine. Kumbe ua wake ndio ulioingia kwangu, hatua tatu nzima. Njue akasema, kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba mzee akianza kupigapiga mabawa kama kuku, watu wake wamfungie ndani. Nikanyoosha mikono tena. Kuku hawezi kuruka kichwa chini.

Alhamisi, 7 Agosti

Jibu limekuja! Nifike Jumamosi, na fomu iwe na sahihi ya jamaa. Hila: nimeipenyeza katikati ya karatasi za chama cha mazishi, ambazo Wanjira husaini bila kusoma. Leo akavaa miwani. Akasoma mstari kwa mstari. Akasema hakujua ameolewa na kijana wa miaka 28, angekuwa anapika vizuri zaidi. Kisha akasaini. Na anakuja.

Jumamosi, 9 Agosti

Ndege ya manjano, viti viwili. Rubani ni Amira, binti wa muuza nyama wa Majengo, kule Meru. Alisoma fomu, akanitazama, akacheka hadi akashika magoti. Nafasi hana ya kunipa, akasema. "Lakini panda, mzee. Tupinduke mara moja, polepole. Si hicho ulichokuja kutafuta?"

Ndicho. Miaka sitini, ndicho.

Nikagusa bawa. Lilikuwa na joto, kama mgongo wa ng'ombe aliyeshinda juani. Mguu haukuinuka. Nikasema upepo ni mbaya. Amira akatazama bendera. Ilikuwa imelala kabisa.

Wanjira akanikabidhi mkoba wake. Amira akamuuliza, "Nyanya, una presha?" Akajibiwa kwamba mwenye presha ni huyu anayeshika mkoba.

Walipinduka mbele ya Mlima Kenya. Kwa muda wa pumzi mbili, mke wangu alikuwa na Embu yote juu ya kichwa chake. Nilitazama hadi shingo ikauma. Aliposhuka, kitambaa kikiwa shingoni, aliuliza kama wanarudia.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani walimzunguka wote. Nimewaeleza kwamba mbinu zote alizipata kwangu. Wanjira amekohoa. Lenah nimeshamwambia anijazie fomu ya maonyesho ya Desemba, Meru. Upepo wa Desemba unanifaa zaidi.

Njiani nilimuuliza kulikuwaje huko juu. Akasema damu hujaa masikioni, halafu kunakuwa kimya. Nimemwomba anieleze mara nne. Anieleze na ya tano.

Wanjira, bado jambo moja. Siku zote nimesema kwamba mwaka 1966 mzungu wa shule ya urubani alininyima nafasi kwa sababu ya rangi yangu. Umemchukia kwa niaba yangu tangu tuoane. Alikuwa mtu mwema. Nafasi alinipa. Alisimama kando ya ndege, ameshika mlango, akaita jina langu mara tatu. Nilimsikia vizuri. Nilikuwa nimejificha nyuma ya choo.