Jinsi Birika Lilivyopewa Nafasi ya Pili

Sogeeni, enyi mlioketi karibu na jiko, nanyi mlioketi mbali kwa kuogopa moshi. Vueni kofia zenu za manyoya mpate kusikia. Leo siwasimulii habari za wafalme, wafalme wana wasimulizi wao. Nawasimulia habari za mume wangu, Evert mwana wa Torvald, Mpasua Theluji, aliyesafisha barabara za bonde letu kwa gari la sepetu majira mengi ya baridi asigonge sanduku la barua hata moja, ila lile la kasisi. Nawasimulia jinsi alivyozipanga pikipiki za theluji nne katika mstari mmoja. Msicheke. Aliyewahi kuwapanga watu wanne waende pamoja ndiye ajuaye kwa nini naanza kwa kushusha pumzi.

Chanzo cha vita kilikuwa kibanda. Huko ng'ambo ya ziwa, chini ya mlima, kimesimama kibanda cha mbao cha marehemu Hjalmar, kaka yake Evert, bingwa wa kuvua samaki katika tundu la barafu. Tangu alipofariki, mjane wake Gunvor alikuwa hajakifungua. Na Gunvor ni mtu ambaye neno lake likitoka halirudi, naye alikuwa amesimama dukani, mbele ya mizani ya samaki, akatangaza: "Pasaka hii nikifika kule kwa kuendesha mwenyewe, kibanda kinabaki. Nisipofika, nakiuza." Mtu akamwambia apande nyuma ya mwenziwe. Akajibu, "Mimi si gunia la viazi."

Mtauliza, kwani kulikuwa na nini cha kumzuia? Mwaka uliopita walikwenda bila mpango, kila mtu na akili yake. Sixten, ndugu yake Gunvor wa tumbo moja, Radi ya Bonde, mwenye mashine nyekundu inayokurupusha kuku wa vijiji vitatu, alitangulia wala hakugeuza shingo. Gunvor akaingia katika maji yaliyojificha chini ya theluji, mashine ikanasa, naye akabaki amesimama ziwani peke yake, akisikiliza ngurumo ya ndugu yake ikififia. Walipomrudia hakulaumu mtu. Alikwenda nyumbani akaifunika mashine yake turubai. Kwetu sisi hakuna lawama kubwa kuliko hiyo.

Basi Alhamisi kabla ya Pasaka jeshi likakusanyika jikoni kwetu. Alikuja Sixten, akinuka petroli. Alikuja Gunvor, akaketi karibu na mlango kama mtu asiyekusudia kukaa. Akaja pia Rigmor, mwalimu mgeni kutoka kusini, shujaa asiyejua hofu kwa sababu alikuwa hajajua kitu. Alijifunza kuendesha juma lile lile, na tayari alikuwa amekwisha kuikumbatia nguzo yangu ya kuanikia nguo mara mbili.

Ewe kahawa nyeusi, mama wa maneno katika nchi ya wasiosema, nishike mkono niyaeleze yaliyofuata!

Evert akatandaza uwanja wa vita. Kitambaa changu cheupe cha meza kikawa ziwa, bakuli la jemu likawa mlima, na vidonge vinne vya sukari vikawa wapiganaji. Akakohoa kikohozi cha amiri jeshi, akanena:

"Sikilizeni, watu wa bonde. Mbele nitakuwa mimi. Wa pili, nyuma yangu, atakuwa yule ambaye... asiye na haraka. Kisha wa tatu. Na wa mwisho ni mzoefu, abebe koleo na kamba, amwinue aliyeanguka. Kila kona kila mtu ageuke atazame taa ya aliye nyuma yake. Asipoiona, asimame. Yeye akisimama, wa mbele yake naye haoni taa, atasimama. Hivyo hapotei mtu."

Hotuba ndefu namna ile mume wangu hakuwahi kuitoa tangu siku ya harusi yetu.

"Wa mwisho ni nani?" Sixten akauliza, ingawa alijua.

"Wewe."

"Mimi? Kaka Evert, umelewa maziwa? Mimi nimezaliwa mbele! Nile vumbi la theluji la mwalimu?"

"Mwalimu ana vumbi gani?" akasema Rigmor. "Kwanza, mimi ni wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Kwa nini nisiwe wa pili?"

Kila mtu akainamia kikombe chake. Maana hakuna asiyejua katika bonde letu kwamba nafasi ya pili, mgongoni kwa kiongozi, ni ya mnyonge wa msafara. Hakuna aliyemtazama Gunvor, na ilionekana wazi jinsi tulivyokuwa hatumtazami.

Hapo vita vikalipuka. Sixten akakisukuma kidonge chake mbele ya vyote. Evert akakirudisha kwa kijiko. Sixten akazunguka kwa ubavu, akapita nyuma ya bakuli la jemu, akatokea mbele tena. Rigmor naye, akiona ziwa limekuwa la wenye nguvu, akajisogeza wa pili, akasukumwa, akapinduka, akagaagaa mpaka ukingo wa meza. Evert akaziba njia kwa kiberiti. Sixten, kwa hasira za simba aliyenyimwa paja, akanyakua kidonge kilichokuwa karibu akakitupa kinywani.

"Sixten!" nikapiga kelele. "Umemla mwalimu!"

"Bora kuliwa kuliko kuwa wa tatu," akasema Rigmor, na sote tukacheka mpaka paka akashuka dirishani.

Sote, ila mmoja. Gunvor alikuwa anakitazama kidonge cha pili, kile kilichosimama peke yake katikati ya kitambaa. Akainuka. Akachukua glavu zake.

"Nendeni salama," akasema. "Mimi nina paka nyumbani."

"Paka ana shida gani, dada?" Sixten akauliza.

"Hana shida. Ndiyo maana nakaa naye."

Enyi wasikilizaji, nimewahi kumwona Evert akikabili dhoruba iliyofukia nyumba hadi madirishani, wala rangi haikumtoka. Siku ile ilimtoka. Mkono wa Gunvor ulikuwa umekwisha kufika kwenye komeo la mlango, na kibanda cha nduguye kilikuwa kinauzwa mbele ya macho yake. Akasimama. Akalitoa motoni birika, lile birika kuu, jeusi kwa masizi ya mioto ya porini, alilorithi kwa Hjalmar. Na kabla sijasema "weka kitambaa chini yake", akalitua juu ya kidonge cha pili. Kikasagika, krach!

"Wa pili ni birika," akanena. "Litapanda kigari cha kukokotwa, nyuma ya mashine ya Gunvor, pamoja na jibini ya kutia kwenye kahawa. Na sheria ya bonde hili ni kongwe kuliko kanisa lake: hakuna aipitaye kahawa."

Sixten akalamba sukari iliyobaki midomoni. "Jibini pia?"

"Jibini pia. Kigari kile huruka kwenye matuta. Kikidondosha kitu, nani atakiokota?"

"Wa mwisho," Sixten akasema polepole, na uso wake ukapambazuka.

"Kwa hiyo nataka mtu mwaminifu pale nyuma. Nadhani nimpe mwalimu."

"Mwalimu ataokota nini na yeye mwenyewe anaokotwa? Wa mwisho ni mimi! Lete koleo!" Kisha akavuta pumzi ndani ghafla, fyuu, kama mtu aliyechovya kidole katika maji ya barafu. Na kwetu huko ndiko kusema ndiyo; baridi imetufundisha kukubali bila kutoa joto nje.

Lakini Gunvor hakuliachia komeo.

"Shemeji," akasema, "usinifunike blanketi kama mtoto. Nafasi ya pili ni ya mnyonge, hata ukiitilia birika juu."

 Nilimwona Evert akitafuta maneno kama mtu atafutaye ufunguo kwenye theluji.

"Ulipokwenda na Hjalmar, ulikuwa wa ngapi?"

"Wa pili. Si tulikuwa wawili?"

"Alikuwa akisimama wapi?"

"Alikuwa hasimami wapi? Kilima cha Kunguru, darajani, penye msonobari uliopasuka. Kila nikimfikia namkuta kaupa mti uso, mimi kanipa mgongo. Alikuwa na kibofu kibovu, maskini, apumzike kwa amani."

"Kibofu cha kaka yangu kilikuwa kizima kama ngoma mpya," Evert akasema. "Alikuwa haoni taa yako."

 Glavu moja ikamponyoka Gunvor.

"Mimi nimemchemshia majani yule mtu," akasema. "Kila msimu wa baridi. Majani ya dawa ya kibofu. Bilauri nzima kila asubuhi!"

"Aliniambia. Alisema ni machungu kama dhambi."

"Akayanywa?"

"Akayanywa yote. Hakutaka ujue anakungoja."

Kicheko kilichomtoka Gunvor kilianza puani, kikashuka kifuani, kikamkalisha kitini kwa nguvu, akacheka na machozi yakacheka naye, akipiga meza, "Yote! Ameyanywa yote, mjinga yule!" Alipomaliza, akajifuta kwa glavu iliyobaki, akalitazama birika. "Jibini ikatwe vipande vikubwa," akasema.

Na siku ya mkesha wa Pasaka, jua likiwa juu na theluji ngumu kama mkate wa juzi, jeshi likaondoka: Evert mbele, na mimi mgongoni kwake, gunia la viazi lenye furaha, Gunvor na birika, Rigmor, kisha Sixten na koleo lake kama mkuki. Mwalimu alipinduka kwenye tuta la kwanza. Gunvor akageuka, hakuona taa, akasimama, tukasimama sote, na Sixten, ambaye hakuwahi kumchimbua mtu maishani, akamchimbua huku akimhutubia kuhusu namna ya kuongeza mwendo. Tulipofika Kilima cha Kunguru, Evert akashuka, akaupa mti uso.

"Kibofu, shemeji?" Gunvor akapaza sauti alipotufikia.

"Kibovu kabisa!"

"Fanya haraka, kahawa inapoa!"

Tukavuka ziwa. Mbele ya kibanda Gunvor akazima mashine yake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, akatoa ufunguo kifuani ulikokuwa ukipata joto, akauzungusha. Mlango ukakataa, akausukuma kwa bega, ukakubali.

"Kinabaki?" Evert akauliza.

Gunvor hakugeuka. Akavuta pumzi ndani: fyuu.

Basi wenye kalamu na waandike, na wasio na kalamu wakumbuke: walitoka wanne kwa mashine, wakafika wanne, na jibini ilifika pungufu kipande kimoja, ambacho makombo yake tuliyaona kwenye ndevu za Sixten. Historia haikuandikwa kwa damu siku zile. Anayedhani natia chumvi na aje jikoni kwangu atazame kitambaa cha meza: duara jeusi la masizi lipo hadi leo, sijalifua wala sitalifua, mahali pa wa pili.