Chuo Kikuu cha Mbuzi Kumi na Tisa

Sualehe alikuwa na kipaji kimoja tu, nacho dunia ilikuwa imeshakichoka. Miaka kumi na moja, katika mabanda ya video ya Mtwara, alishika maikrofoni akatafsiri filamu za Kichina, Kihindi na Kiingereza bila kujua Kichina, Kihindi wala Kiingereza. Steringi wa filamu akifumbua mdomo, Sualehe anamtilia maneno, na watu wanalia. Kisha kila mtu akanunua simu yake, mabanda yakafungwa, na Sualehe akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, kutafuta mahali ambapo mdomo bado unalisha.

Alipapata Quitunda, kwenye kibanda cha chai, kati ya andazi la kwanza na la pili. Mzee Narciso, mmoja wa waliohamishwa kupisha mradi wa gesi na kupewa nyumba za matofali, alikuwa analalamika.

"Geti, jamani! Nimeomba kazi ya kufungua geti tu, wananiuliza diploma iko wapi. Na geti lenyewe linafunguka hata kwa upepo."

"Basi waambie na upepo nao waudai diploma," akasema mwenye kibanda.

Sualehe akaweka andazi chini. Mtu mwingine angemwonea mzee huruma. Sualehe naye alimwonea, tusimsingizie. Ila huruma yake ilikuwa na mifuko.

"Mzee wangu," akauliza, "diploma unaitaka ya miaka minne au ya siku tisa?"

Katika fleshi yake alikuwa na vipindi vya masomo vya chuo kikuu kimoja cha mtandaoni, maprofesa wa kweli mbele ya ubao wa kweli, vinavyotolewa bure kwa yeyote duniani. Sualehe aliona haya kuacha kitu kizuri namna ile kiendelee kuwa bure. Kufikia jioni televisheni ya Narciso ilikuwa imetolewa barazani, na juu yake kibao: *Universidade, Tawi la Quitunda. Diretor: Dr. Sualehe.* Ada ilikuwa mbuzi mmoja kwa kila mwanafunzi.

"Mbona mbuzi, baba?" akauliza Bi Zainabo, ambaye mbuzi wake alikuwa mmoja tu, tena mwenye mimba.

"Mama yangu, chuo kikuu hakishiki pesa. Pesa hufitinisha. Mbuzi umemsikia wapi kamhonga mtu?"

Hoja ilikuwa nzito. Bi Zainabo akamtoa mbuzi, akamwandikisha bintiye Haula, msichana mwenye haya kiasi kwamba hata akisalimiwa hujibu akiitazama mikono yake. Haula alikaa nyuma kabisa, karibu na mbuzi wa mama yake, akawa anamkuna masikio.

Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, profesa wa kwenye skrini hasikii, kwa hiyo asiulizwe. Pili, lililosemwa kwenye skrini halibishiwi. Mwenye kubisha anafutwa chuoni na mbuzi wake anabaki.

Somo likaanza. Mzungu mwenye kipara akachora duara ubaoni.

"Huyu ndiye steringi," Sualehe akatangaza. "Anasema gesi ina hasira. Imefungiwa chini ya bahari tangu enzi za Nuhu bila kuombwa radhi."

"Allah!" akasema Bi Zainabo, aliyekuja kusikiliza tu.

Siku ya pili akatokea profesa mwanamke, anasoma chati kwa sauti kali. Sualehe alijitahidi, Mungu shahidi wake, kukaa kwenye uhandisi. Lakini ulimi una mazoea. Profesa yule akawa mchumba wa mwenye kipara, aliyeachwa bila talaka wala sababu, na ile chati ikawa barua zake. Wanafunzi wakafuta machozi.

"Diretor," akauliza Narciso, kalamu mkononi, "hili la kuachwa, mtihani utaliuliza?"

"Utaliuliza kwanza kabisa, mzee wangu."

Narciso akapigia mstari.

Hivyo elimu ikasonga mbele. Nyuma ya nyumba mbuzi kumi na tisa walitafuna majani, na Sualehe alipowatazama hakuona mbuzi. Aliona banda la video la kwake mwenyewe, lenye viti vya plastiki na jina lake mlangoni, na watu wanalia upya. Alishapanga na Sufo, dereva wa lori, aje Jumamosi mchana, siku ya mahafali. Wanafunzi waliambiwa mbuzi wanapelekwa kwa reitor, mkuu wa chuo, kuhakikiwa.

Siku ya nane maprofesa wawili walifunga ndoa. Sualehe alikuwa bwana harusi, bibi harusi, shehe na vigelegele vyote peke yake. Jumamosi alipoamka, sauti ilikuwa imekwenda zake. Kooni palibaki "khhh."

Palihitajika mdomo mwingine, nao uwe usioongeza neno. Akampungia Haula, akamwandikia kwenye karatasi: *Reitor anawapongeza. Mbuzi wapakiwe.* Haula akasoma, akaitikia kwa kichwa, akaitazama mikono yake.

Baraza likajaa. Kwenye skrini akasimama reitor mwenye joho jekundu. Haula akashika maikrofoni kama mtu aliyeshikishwa samaki hai.

"Reitor anasema... anawapongeza."

Makofi.

"Anasema chuo hiki ni cha bure. Hakijawahi kumtoza mtu kitu."

Na hapa inatupasa kukiri: katika siku tisa, hilo ndilo neno la kwanza kutafsiriwa sawasawa. Haula alifua mashuka ya wageni wa hoteli kisiwani Vamizi kwa miaka mitatu, Kiingereza akakiokota huko pamoja na vifungo vya mashati. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, na kwa kuwa ile harusi ilimfurahisha hata yeye.

Baada ya hapo akaachana na reitor, akaendelea kwa nguvu zake.

"Anasema mbuzi walichukuliwa ili kumpima diretor. Kama ni mwaminifu, leo atawarudisha."

"Khhh!" Sualehe akaruka kutoka kitini.

"Diretor anasemaje?" akauliza Narciso.

Haula akamtazama Sualehe kwa huruma ya kweli, akageuza maikrofoni.

"Anasema amefaulu."

Sualehe akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Anatikisa kichwa, haamini bahati yake."

Angefanyaje? Akisema reitor hakusema hivyo, ataulizwa alisema nini. Na akiulizwa alisema nini, itabidi waulize na mwenye kipara alisema nini. Akakimbilia nyuma ya nyumba, akazikumbatia kamba za mbuzi.

"Anataka kuwafungua kwa mkono wake mwenyewe," ikasema maikrofoni. "Msaidieni."

Wakamsaidia. Mbuzi wa Bi Zainabo alikuwa wa kwanza kutoka, na tumbo lake mbele. Sualehe akanyakua kalamu ya Narciso, akaandika UONGO kwenye karatasi ya kwanza aliyoipata, nayo ilikuwa moja ya diploma zilizokuwa zimeandaliwa.

"Anasaini diploma!" Narciso akapiga kelele. "Pangeni mstari!"

Akazisaini zote kumi na tisa, kila moja neno lile lile, nao wakalichukua kuwa ndiyo saini yake.

"Reitor ana neno la mwisho," akasema Haula taratibu. "Karatasi hizi ni za kutundika ukutani. Geti halizijui. Anayetaka kujua hasa gesi ni nini, Jumatatu tunaanza upya, bila mbuzi. Nami nitasema kile anachosema profesa, basi."

Narciso alinywea. Akaikunja diploma yake mara mbili. "Na wale maarusi, binti yangu?"

Haula akafikiri.

"Dakika tano za mwisho," akasema, "tutakuwa tunawaangalia wanaendeleaje."

Ndipo Sufo akaingiza lori uani, akachomoa kichwa dirishani, akawatazama mbuzi wanavyotawanyika kila mmoja kwao.

"Diretor, mzigo wangu uko wapi?"

Sualehe akafumbua mdomo. Ukatoka upepo. Watu wote wakamgeukia Haula, naye akajifunika nusu ya uso kwa ncha ya kapulana aliyojitanda, akainua maikrofoni.

"Anasema mzigo ni yeye," akatafsiri. "Mpandishe polepole, kaguswa sana."