Mfalme wa Runinga na Askari Wake Elfu

Jumatatu, 7 Julai

Askari tena! Kipindi kizima cha kuchekesha kuhusu historia ya mji wetu, Antananarivo, mfalme anauteka mlima na kuuachia askari elfu moja waulinde, na mimi, Ndrianja, mwenye pua ya kifalme kabisa, ni askari. Mfalme ni Tsilavina. Tsilavina! Mtu asiyeweza hata kuteleza bila kuelekezwa. Bi Voahirana, mwongozaji wetu, anasema nivumilie, sisi sote ni familia. Askari elfu tuko kumi na wawili. Nimevumilia mpaka chai. Kisha nimeanza kupanga.

Jumanne, 8 Julai

Nafasi! Kesho tunapiga picha mlimani, kando ya makaburi ya zamani, na lazima mtu atangulie kuwaomba wahenga ruhusa. Nimejitolea. Bi Voahirana kanisifu mbele ya wote. Tsilavina kanuna.

Mlinzi wa makaburi ni Bibi Razay, muuza vitumbua pale chini ya ngazi. Kanipa chupa ya gongo na maelekezo: nisimame pembe ya kaskazini-mashariki, niwamwagie, nimtaje kila atakayepanda na kazi yake. "Na usiwadanganye, mwanangu. Wale hawana runinga, mzaha hawaujui."

Baridi ya kukata masikio. Gongo nikanywa mimi. Wahenga nikawamwagia maji ya ukoko wa wali, rangi hazipishani sana. Nikawataja wote isipokuwa Tsilavina, wamshughulikie kama mvamizi. Mimi nikajitaja kuwa mfalme.

Upepo ukakatika. Nikasikia watu wengi wakipiga magoti kwenye nyasi. Hakukuwa na mtu. Gongo la Bibi Razay si la kuchezea!

Jumatano, 9 Julai

Tsilavina hakupatwa na lolote. Hata chafya! Wahenga hawakutajiwa jina lake, kwa hiyo hawamjui kabisa. Hilo sikulifikiria.

Tukiwa katikati ya kazi, Bi Voahirana akauliza nani kaongeza askari. Hakuna aliyeongeza. Lakini kwenye kioo cha kamera walikuwapo nyuma yangu, safu kwa safu ndani ya ukungu, peku, mashuka meupe mabegani, mikuki mikononi. Tukigeuka, ukungu mtupu. Mpiga picha akaanza kulia kimyakimya, macho kwenye kamera.

Mimi nilikasirika kwanza. Wananiharibia picha! Kisha nikagundua: nikisogea kushoto, nao kushoto. Tsilavina alikuwa akihutubia kwa mbwembwe zake zote, hawakumtazama hata mmoja. Walinitazama mimi.

Naogopa, siwezi kuficha. Lakini pia, hatimaye!

Alhamisi, 10 Julai

Mama mwenye nyumba kauliza wageni wangu wataondoka lini. Wamesimama uani tangu alfajiri, anasema, kimya, na kuku wamegoma kutoka bandani. Nimechungulia. Uani hakuna mtu. Nyayo za matope tu, zote zimeelekea mlangoni kwangu.

Mchana nimejilaza kidogo. Nimeamka na uzi juu ya mwili, umenyooshwa kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Wananipima! Bi Voahirana hajawahi kunishonea hata kofia.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemsimulia Bibi Razay. Kijiko kimemdondoka kwenye mafuta. Amesema kipimo kile ni cha hariri, na hariri hiyo hufungiwa maiti. Askari wale wana mfalme wao sasa, na pahali pa mfalme ni kaburini, katikati ya watu wake.

Nikauliza rangi yake. Nyekundu hainikai vizuri.

Kaniita punguani. Kisha kanishika mkono kwa upole. Nirudi kesho na chupa kamili, niseme ukweli. "Sema wewe ni Ndrianja, kazi yako askari, na ulidanganya. Watakuacha. Maneno hayo tu, mwanangu, yanakushinda nini?"

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda. Nimemwaga gongo lote, nimebakiza funda moja tu la kuondolea baridi. Nyasi zimelala pande zote kana kwamba zimekaliwa. Nimefungua kinywa niseme askari.

Chini ya ngazi Tsilavina alikuwa anakula vitumbua. Sauti yake ikanifikia huku juu: "Ndrianja? Yule ni askari wa kuzaliwa, Bibi! Atakufa askari!"

Nimesema mimi ndiye mfalme. Na kwamba nitaendelea kuwa mfalme hata sehemu ya pili.

Jumapili, 13 Julai

Kipindi kipo hewani. Nilisikia majirani wakicheka ng'ambo ya ukuta, kisha wakanyamaza. Kwenye runinga jeshi limejaa mlima mzima, na wote wamempa Tsilavina mgongo! Sijawahi kuwa na furaha hivi.

Wapo chumbani. Sasa nawaona bila kamera. Wameinama hadi sakafuni, na chumba kinanuka udongo mbichi. Nimewaomba nimalizie kuandika, wakanikubalia. Tsilavina angepewa heshima hii?

Hariri ni nyekundu, lakini ya daraja la juu. Wameanza kuifunga miguuni, inabana. Imefika kifuani. Nitawaambia wauache uso wazi, maana bila pua hii, watu watajuaje kuwa ni mimi?