Mwenza Wangu wa Dhumna Yuko Nje kwa Dhamana

Morne Sirik,
9 Juni

Kwa Bibi Drusilla Laronde,
Ofisa wa Waathirika na Mashahidi,
Mahakama ya Hakimu, Pointe Calebasse.

Mheshimiwa Bibi Laronde,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kiti chako kimeshatengenezwa, maana nilipokuja ofisini mara ya mwisho ulikuwa umekalia boksi la karatasi. Mimi ni Hilarion Valmond, yule mwathirika wa mbuzi. Ulinipa kwa mkono wako kijitabu cha mwongozo kwa waathirika na mashahidi, ukaniambia, "Mzee Valmond, ukikifuata hiki hutapotea." Nimekifuata, Bibi. Nimekifuata mpaka nimepotea, na ndiyo sababu naandika.

Nisieleweke vibaya. Kijitabu kimeandikwa vizuri, na ile picha ya mama anayetabasamu kizimbani imempendeza kila mtu hapa. Lakini ninayo malalamiko, nayo nimeyapanga kwa namba, kama mnavyotufundisha kupanga ushahidi wetu.

1. Ukurasa wa kwanza unasema kesi hii si yangu. Nilidhani mpiga chapa amekosea. Nikamuuliza mwendesha mashtaka, naye akasema ndivyo ilivyo: kesi ni ya Serikali dhidi ya Evariste Cuffy, mimi ni shahidi tu. Sasa, Bibi, mbuzi huyo, Klotilda, nilimlea mimi. Nilimnywesha maziwa kwa chupa mama yake alipomkataa. Serikali haijawahi kumkatia hata jani moja. Kisha akaibwa kwangu, akakutwa kwa Evariste, amefungwa mbele ya nyumba, kando kabisa ya barabara, kwa mwizi asiye na adabu hata ya kuficha. Uchungu niliupata mimi. Iweje kesi apewe mwingine? Ningeambiwa mapema ningebaki walau na nusu.

2. Ukurasa wa tatu unamkataza shahidi kuzungumza habari za kesi na shahidi mwenzake. Bibi, Morne Sirik nzima ni mashahidi. Koplo Joachim aliandika jina la kila aliyepita barabarani siku ile, na siku ile ilikuwa Jumapili, watu wanatoka misa. Sasa mtu akiingia kilabuni kwa Ma Philo wote wananyamaza, kisha mmoja anasema mvua inakuja. Mvua ikishakuja hawana la kusema tena. Ma Philo amenijia juu mbele ya wateja: "Hilarion, umetuua. Tangu mbuzi wako aanze mambo ya mahakama, hata kusengenya hatusengenyi. Mimi nauza ramu, siuzi kimya." Nyumbani nako mke wangu Vitalia ni shahidi wa nne. Wiki ya kwanza sikulalamika. Siku hizi tunatazamana juu ya sahani ya magimbi kama watu waliokutana hospitali, na kwa kweli naumia.

3. Klotilda mwenyewe sasa ni kielelezo. Kijitabu kinasema mali ya mwathirika itatunzwa vema na kurudishwa kesi ikiisha. Haiishi. Kwanza Mheshimiwa Hakimu aliugua. Akapona, jalada likawa limepelekwa mji mkuu, Roseau. Jalada likarudi, Mheshimiwa akawa ameenda Roseau kulifuata. Muda wote huo Klotilda yuko nyuma ya kituo cha polisi, amemaliza maua ya Inspekta, na mwezi wa Machi akazaa mapacha. Nikauliza watoto ni wa nani. Koplo Joachim akakuna kichwa, akasema, "Mzee, hao hawakuwepo siku ya tukio." Basi si vielelezo. Lakini wananyonya kielelezo, na kielelezo, kwa mujibu wa kijitabu chenu, hakiruhusiwi kupunguzwa. Wala si wao tu wanaopunguza. Koplo anakunywa chai ya maziwa kila asubuhi, na dukani haonekani akinunua maziwa.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Hayo mengine ningeyameza. Dhamana ya mshtakiwa ina masharti: asinisogelee ndani ya mita hamsini, asiwasiliane nami kwa njia yoyote, na kijitabu kinanitaka nimripoti akithubutu. Evariste ni baba wa ubatizo wa binti yangu, yaani kompè wangu, lakini hayo tuyaache. Evariste ni mwenza wangu wa dhumna. Tumekaa meza moja tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Nikishika kete, anajua ni ipi kabla sijaiamua.

Sikukuu ya Mtakatifu Petro ni mwisho wa mwezi huu, na jirani zetu wa kijiji cha Ravine Bleue wanakuja kucheza nasi fainali, wameshaanza kutamba. Nimepewa Katekista Télémaque awe mwenza. Ni mtu mwema mno. Kabla ya kupiga kete humwomba mpinzani radhi. Ma Philo alimtazama mzunguko mmoja, akasema, "Huyu mrudisheni kwenye kwaya, mnamtesa bure."

Tulijaribu kufuata sheria, Bibi, shahidi wangu Mungu. Evariste alisimama huko juu kilimani, chini ya mshelisheli, umbali halali. Mimi nikakaa kilabuni dirishani na kete za wote wawili. Namwambia kilichopigwa, naye ananijibu nicheze nini. Raundi ya pili haijaisha, akaja Koplo na utepe wa kupimia. Umbali akaukuta sawa. Akasema, "Mzee Valmond, kumpigia mshtakiwa kelele 'tano, tano' ni kuwasiliana." Nikamjibu kwamba tano si maneno, ni namba. Akasema atamuuliza Inspekta. Hajarudi na jibu, ila utepe ameuacha pale ukutani, unatutazama.

Usidhani nimelainika. Mwizi ni mwizi, na tangu Novemba sijabadilishana naye neno hata moja lisilo namba. Wala simkumbuki. Kikombe chake pale kilabuni nimemwomba Ma Philo asimpe mtu mwingine, kwa sababu za usafi tu.

Kwa hiyo, Bibi, naomba lifanyike mojawapo kati ya haya. Naanza na jepesi.

Mahakama iniazime mshtakiwa kwa siku moja ya sikukuu. Nitatia sahihi na kumrudisha katika hali niliyompokea.

Hilo likishindikana, naomba fainali ichezwe mahakamani. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mahakamani ndipo mahali pekee ambapo sheria inatulazimisha mimi na Evariste kukaa chumba kimoja. Tunaitwa asubuhi, tunakaa, yeye benchi la mbele, mimi la nyuma, natazama kisogo chake mpaka adhuhuri, kisha tunaambiwa turudi mwezi ujao. Muda huo wote ungetosha michezo mingi tu. Ravine Bleue wakae upande wa mashtaka. Mheshimiwa Hakimu awe mwamuzi. Ila ajue kwamba dhumna haichezwi bila kuigonga meza, asije akatuhesabia kuwa ni dharau kwa mahakama.

Na kama lazima Evariste afungwe, nitayapokea maamuzi ya Serikali, maana kesi ni yake. Lakini afungwe baada ya sikukuu, na apelekwe gereza lisilo na dhumna. Nasikia wafungwa wanacheza kutwa. Akipata mwenza mwingine huko ndani, atanirudia amezoea mkono wa mtu, na hasara hiyo haimo katika fomu yenu ya fidia.

Sina zaidi, ila nawasalimu wote mnaoshinda na kesi zetu: Mheshimiwa Hakimu, mwendesha mashtaka na kikohozi chake, yule karani anayeniita Valentine, na mfagiaji anayetuwekea benchi la kivulini. Ukipita kituoni, nisalimie Klotilda na wanawe.

Wako katika kutii mwongozo,

Hilarion Valmond,
Mwathirika.

Nyongeza: Utaona mwandiko umenyooka. Si wangu, wangu hata mimi unanishinda kusoma. Mwenye hati inayofaa kwenda serikalini hapa Morne Sirik ni mmoja tu, Evariste Cuffy, na ndiye aliyeshika kalamu tangu juu mpaka hapa. Amekaa upande wa pili wa meza yangu, na Vitalia amemwekea supu. Nilimwambia aandike bila kuongea, na "mwizi" ameandika bila kubisha. Ila tulipofika kwenye kikombe aliweka kalamu chini, akasema maneno ambayo nimemwamuru ayaandike kama alivyoyasema:

"Kompè, mbuzi nilimchukua. Uliniambia mbele ya watu wa Ravine Bleue kwamba nacheza dhumna kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Nikangoja uje uniombe radhi, hukuja. Nikasema basi, nitamfunga Klotilda mbele ya nyumba, utapita umwone, utaingia unitukane, tutakunywa, yataisha. Nilikuwa nakungoja wewe. Akaja Koplo."

Basi, Bibi, mimi nikaomba radhi ya kabati, naye akaomba radhi ya mbuzi, na Vitalia akalia akasema ni pilipili.

Kwa hiyo malalamiko yote hapo juu yafute, ila lile la maziwa ya Koplo. Nimekipitia kijitabu upya, mbele na nyuma, nikitafuta ukurasa wa mwathirika ambaye ameshasamehe. Sikuuona. Kama ulisahaulika wakati wa kuchapa, tafadhali tutumie. Nakala moja inatosha, tutaisoma pamoja.