Malalamiko kuhusu Mvinyo Uliohukumiwa Kuwa Mgeni

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wakulima wa Mizabibu,
Bonde la Alazani.

Batono Elizbar, bwana na mkwe wangu mtarajiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limetulia. Mimi sijambo. Sina haja ya kujitambulisha, maana tangu vita vinitoe ng'ambo ya mto Enguri, kijiji hiki kinaniita "Mgeni", nami nimeshawazika majirani wengi waliokuwa wakiniita hivyo.

Jumamosi iliyopita ulikuja kwangu na wajumbe wawili wa kamati kuonja mvinyo wa harusi ya Tsira, mjukuu wangu, anayeolewa na mjukuu wako. Mtungi wake niliufukia ardhini hadi shingoni mwaka aliozaliwa Tsira, ili ufunguliwe siku ya harusi yake. Desturi hiyo ni yenu na ni yetu, hatujawahi kuibishania. Niliwachotea kikombe kimoja, nikaufunika tena; mlionja, mkatazamana, nawe ukatamka: "Mzuri, ndugu Otia, lakini tabia ya mvinyo hutoka ardhini, na huu hauna tabia ya ardhi yetu. Huu ni mgeni." Ukaamua meza zote zipewe mvinyo wako, na wangu upelekwe jikoni ukapikie kondoo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulikuja kuonja ukiwa umetoka kula jibini na vitunguu vibichi. Mtu aliyeingia kanisani na ng'ombe wake asilalamike kwamba ubani haunukii.

2. Ardhi, Batono, ni mahali mzabibu unapovulia viatu tu. Mvinyo ni zabibu, na zabibu ni mahali zilipokaa. Mizabibu yenu mmeikata ikawa mifupi, imepangwa kama wafungwa wanaohesabiwa, zabibu zinatazama kokoto mchana kutwa. Ndiyo maana mvinyo wenu ni mweusi, mzito, na una kinyongo. Mzabibu wangu umepanda mti wa jozi hadi kileleni, kama mizabibu ya kwetu inavyopanda miti, ukapata upepo wote na jua la mwisho. Nauvuna majani yakishapukutika, nikishusha kapu kwa kamba. Baridi hukuta mvinyo haujamaliza kuchacha, ukabaki na utamu kidogo, kama mtu aliyekatizwa akiimba.

Najua mnavyocheka. Jirani yangu Bi Pikria hunipigia kelele kila mwaka: "We Mgeni! Unavuna zabibu au unaiba mayai ya kunguru? Ukianguka, usiangukie kabichi zangu!" Nimeshaanguka mara moja. Kabichi zake nilizichagua makusudi.

3. Tawi la kwanza la mzabibu huo lilivuka milima ndani ya soksi yangu iliyolowa, kwenye theluji, mguu wangu ukiwa mtupu. Vidole viwili vilibaki huko. Sikulalamika wakati ule. Nalalamika sasa, kwa sababu mvinyo uliogharimu vidole hauchemshiwi kondoo.

4. Tuseme una haki. Kama kisicho na tabia ya ardhi hii hakiketi mezani, basi sheria ifuatwe bila upendeleo. Mkeo, mama Eteri, alizaliwa Imereti, mkoa mwingine: aende jikoni. Padri ametoka Tbilisi, na akidhani haonekani hunywa bia: jikoni. Bwana harusi alizaliwa mjini, katika hospitali yenye lifti, na anaogopa nyuki: naye jikoni, akamshike padri mkono. Mezani mtabaki wewe na Bi Pikria. Nawatakia karamu njema.

5. Nawe pia hujapimwa. Naomba kamati ikufukie hadi shingoni, pamoja na maganda, mbegu na vikonyo, kama mnavyofanya mvinyo wenu, na juu ya kichwa uwekewe jiwe. Aprili tukufunue, tukukoroge, tukuonje. Ukionekana umepata tabia, nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi. Usipoipata, jikoni unapajua.

Usidhani ni kiburi, Elizbar. Nyumba yetu haipo. Mti uliobeba mzabibu wa baba umekatwa. Kaburi la mke wangu lina majirani nisiowajua. Kitu pekee cha kwetu ninachoweza kukiweka mezani ni mtungi ule. Tsira hajawahi kuiona nchi ile; nilitaka walau ainywe siku anapoolewa. Kwa hiyo naomba mtungi wangu ufunguliwe kwa ajili ya meza kuu, kabla ya wako, nawe ukiwa mkuu wa meza uinue pembe ya kunywea na utaje mahali mvinyo huo ulikotoka.

Msalimie mama Eteri, umwambie hoja ya nne ni hoja tu. Wasalimie wajumbe wote, hata yule aliyeutema mvinyo wangu. Wasalimie na mbwa, kwani wao hawajawahi kuniuliza nimetoka wapi.

Wako, nikiwa bado na heshima kiasi,

Otia Zarkua

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea Tsira. Alinifunga macho kwa kitambaa cha vyombo, akaniwekea mikononi bakuli moja, halafu la pili. La kwanza nililijua kwa harufu tu: mzito, wa bondeni, na una kinyongo. Nikasema, "Huu wa Elizbar. Mwambie akapikie kondoo." La pili nililinusa, nikanywa polepole. Ndani yake kulikuwa na mti wa baba na ukungu wa Enguri asubuhi. Nikaanza kumwonyesha Tsira kwa kidole kisima chetu kilipokuwa, nikalia kidogo.

Aliponifungua macho niliona jagi lililomimina bakuli la pili. Ni lile mlilotuletea siku ya posa likiwa na mvinyo wako; la kwanza lilichotwa mtungini mwangu.

"Babu," akasema, "mvinyo wako umeishi hapa umri wangu wote. Ulitaka ufanyeje?"

Basi nafuta hoja zote, isipokuwa ya tano. Kamati yako imekosea: mvinyo wangu ni wa hapa, tena wa hapa kabisa, kwa hiyo umimine kwenye meza zote bila kutaja nchi ya mtu. Wako niwekee jagi moja karibu na kiti changu. Ukiniona nalia, waambie wageni ni pilipili.