Majagi Arobaini na Miwani ya Nasibu

Jumatatu, 3 Juni 2024

Baridi. Upepo umeshuka kutoka Uluguru tangu alfajiri, na mimi ndiye wa kwanza kufika kuwasha tanuri. Miaka mitatu sasa. Nilitoka Tabora nikitafuta kazi ya kukaa, nikapata ya kuinama. Karakana ya Mama Hidaya, Kihonda. Tunayeyusha chupa kuukuu, tunatengeneza majagi na vikombe vya hoteli. Mimi natia kuni. Basi.

Leo balaa. Majagi matano tuliyouza mwezi uliopita yamepasuka yenyewe kabatini kwa mteja. Hakuna aliyeyagusa! Mama Hidaya anasema kioo kikipozwa vibaya kinabaki na mkazo ndani. Kinakaa kimya, kinasubiri, siku moja pah! Na sasa kuna oda ya majagi arobaini ya hoteli moja ya Tabora. Anataka mtu wa kukagua kila moja, halafu asafiri nayo kwa treni akayakabidhi mwenyewe.

Tabora! Nauli juu ya ofisi! Mama yangu anaishi Ipuli, baiskeli tu kutoka stesheni. Sijamtia machoni tangu nije huku. Nikanyoosha mkono kabla Mama Hidaya hajamaliza kusema.

Nasibu, mwenzangu wa karakana, naye akanyoosha. Huyu Mluguru kwao Mgeta, anaiona milima yao kila asubuhi. Tabora anaifuatia nini? Anadai anakagua kwa kupiga jagi kwa ukucha na kusikiliza. Ukucha! Mama Hidaya kasema atakayeleta njia ya uhakika hadi Ijumaa ndiye atakayesafiri.

Nimempigia mama. Nimemwambia Jumatatu ijayo niko kwake. Kasema atamfunga jogoo.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata! Kwenye simu kuna video ya mzungu mwenye ndevu. Kiingereza chake sikukielewa, ila mikono yake nimeielewa. Unachukua plastiki mbili nyeusi za aina fulani, moja mbele ya taa, nyingine mbele ya jicho. Unazungusha hadi mwanga wote unazimika. Kisha unaweka kioo katikati. Kikibaki cheusi, kimetulia. Kikiwaka weupe au rangi, kina mkazo. Kifaa kinaitwa polariskopu. Dukani ni bei ya pikipiki. Lakini plastiki ya kwanza ipo kwenye kila TV bapa, imebandikwa juu ya kioo. Na ya pili ipo kwenye miwani ya jua ya madereva.

TV bapa anayo mwenye nyumba wangu, Bi Mwanvita. Ilikufa mwaka juzi. Ameiacha sebuleni, anaifuta vumbi kila siku kama ingali hai. Alipokwenda msibani nikaibandua plastiki yake kwa wembe. Saa mbili nzima! Gundi mpaka kwenye nyusi. Nimepata kipande cha ukubwa wa daftari.

Bi Mwanvita karudi, kaitazama TV yake, kaniuliza kwa upole, mwanangu Thobias, mbona imenyolewa? Nikasema ni joto. Akasema joto gani, Juni hii?

Jumatano, 5 Juni

Miwani. Hapa Kihonda nzima mwenye miwani ya aina ile ni Nasibu peke yake! Kapewa na shemeji yake dereva wa lori la kabichi. Anaivaa hata ndani ya karakana, tena mawingu yakiwepo.

Lakini Waluguru na sisi Wanyamwezi ni watani. Mtani akichukua chako unacheka, hasira hairuhusiwi. Kwa hiyo saa nne, alipoivua kunywa chai, nikaichukua mbele ya watu wote nikatangaza kwamba babu yake aliiazima kwa babu yangu. Watu wakacheka. Nasibu ikambidi acheke. Alicheka kwa meno tu, macho yalikuwa kwangu.

Akasema Mnyamwezi wangu, tumia, lakini ujue na mimi nitachukua changu. Achukue nini? Nina godoro na sufuria.

Alhamisi, 6 Juni

Kifaa kimekamilika. Boksi la sabuni, balbu ndani, karatasi nyeupe, plastiki ya Bi Mwanvita juu yake. Kioo kimoja cha miwani nimekifunga kwa waya mbele ya jicho. Nikazungusha. Giza! Giza kama pango! Nilitaka kulia.

Ikabaki meza ndogo ya kuwekea jagi katikati. Nimetumia mfuniko wa plastiki wa boksi la keki. Safi, mgumu, unaona upande wa pili. Nikaweka jagi la kwanza juu yake, nikachungulia.

Rangi! Zambarau, kijani, njano, mawimbi kama mafuta juu ya dimbwi. Jagi linateseka ndani kwa ndani na ukucha wa Nasibu hausikii kitu. Nimemwita Mama Hidaya. Katazama, kashika kifua. Kasema Thobias, wewe baba, akili hii ulikuwa unaitia kwenye kuni?

Nimeanza kupanga nguo za safari.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya ukaguzi. Majagi arobaini mezani. Nilikaa kwenye kiti. Kiti chenye mgongo! Nasibu nyuma yangu, mikono mfukoni, akipiga mluzi.

La kwanza, rangi. Bovu. La pili, rangi. Bovu. Mama Hidaya akaamuru yavunjwe, yarudi tanurini. Niliyavunja mwenyewe kwa nyundo ili nionekane sina upendeleo. La saba nalo bovu, nikalivunja. La nane bovu. Mama Hidaya akaanza kuhema. Akaleta jagi lake mwenyewe, la maji ya kunywa, analo mwaka wa nne, limeanguka mara mbili halikuvunjika. Nikalipima. Bovu! Nikamwambia ana bahati kuwa hai.

Hapo Nasibu akaomba achungulie. Nikamruhusu, si ni miwani yake. Akachungulia muda mrefu. Kisha akaliinua jagi taratibu akaliweka chini, na jicho lake bado pale. Akasema mbona rangi hazijaondoka?

Nikachungulia. Juu ya mfuniko hapakuwa na kitu, na rangi zote zipo. Zambarau, kijani, njano.

Nasibu akasema basi hewa ya Kihonda nayo itapasuka, tukimbie.

Ni mfuniko! Plastiki ya keki ndiyo inayowaka! Nilipima mfuniko mara tisa na kuvunja majagi saba. Karakana nzima ilicheka mpaka Severin, mpulizaji wetu, akalazimika kukaa chini. Mama Hidaya hakucheka. Alikuwa anatazama lile rundo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeomba nafasi ya mwisho. Nimeutupa mfuniko. Sasa jagi linaning'inia kwa waya, hakuna plastiki katikati. Mama Hidaya kakubali kwa sharti kwamba nyundo anaishika yeye.

Na kinafanya kazi! Majagi thelathini na matatu yaliyobaki, ishirini na saba ni giza tupu. Sita yana mstari mweupe kwenye shingo, kama kucha za mwezi. Nikayatenga sita yale kwa heshima kubwa. Safari imerudi, nikajua.

Mama Hidaya akamwambia Nasibu naye apige ukucha wake, mimi nimegeuzwa ukutani. Ting, ting, tung. Akatenga sita. Ni yaleyale sita! Yaleyale! Huyu mtu ana sikio la popo.

Lakini si hilo lililoniua. Severin akageuza yale majagi, akasoma alama za chaki chini. Yote yametoka tanuri la kupozea, ambamo majagi hupoa polepole, rafu ya mbele karibu na mlango. Mama Hidaya akauliza ni nani anafungua mlango ule kabla halijapoa. Akaenda mwenyewe. Akarudi na ganda la kiazi kitamu.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Ni mimi. Kila asubuhi ya baridi nafungua kidogo tu, naweka viazi vyangu viwili, nafunga. Baadaye nafungua tena, natoa. Miaka mitatu. Sikujua kioo kina roho nyepesi hivyo.

Mama Hidaya alisema mambo mengi. La mwisho ndilo ninaloliandika: Nasibu anasafiri kesho na majagi ishirini na saba, na mimi nisikaribie tanuri la kupozea hatua kumi.

Nasibu akaja kuchukua miwani yake. Haina kioo kimoja. Akaivaa hivyohivyo.

Jumanne, 11 Juni

Mama kapiga simu. Nilikuwa nimeandaa uongo wa malaria. Hakunipa nafasi. Kasema mgeni wangu alifika jana, kijana mpole, kamwamkia shikamoo mpaka chini. Kajitambulisha kuwa ni mtani, kaja kuchukua chake. Mama kacheka mpaka kikohozi. Jogoo kaliwa. Nasibu kala mapaja yote mawili na filigisi.

Nikauliza kama alinisemea lolote. Mama kasema ndiyo, kasema mwanao ana akili sana, ametengeneza mashine inayoona ndani ya kioo. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, sasa wewe unakuja lini, baba?

Nikasema karibuni.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekaa na hasira siku mbili, leo nimefikiri kama mtu mzima. Kosa langu lilikuwa wapi? Mlango. Mlango kila mtu anauona. Asubuhi nimepima kwa miguu: ukuta wa nyuma wa tanuri kubwa, chini ya dohani, uko hatua kumi na moja kutoka tanuri la kupozea. Sheria sijavunja. Na una moto sawasawa! Nikitoa tofali moja, napata shimo la viazi viwili, pengine na hindi.

Nimeazima patasi ya Severin. Nimemwambia ni ya kitanda.

Tofali moja tu. Ukuta mzima una mamia. Litafanya nini?